Somo la Masika: Mafunzo kwa Vitendo na Elimu ya Ujasiriamali, kutoka Mang'ola hadi Lango la Lodoare



Nitaanza na kalenda. Vyuo vikuu vyetu vingi humaliza muhula wa pili katikati ya mwaka, kisha huwatoa wanafunzi kwenda fildi. Mwanafunzi wa biashara au wa ujasiriamali anayepangiwa Karatu hufika Julai au Agosti, hukaa wiki nane hivi, na Septemba huwa ameshaondoka. Sasa nyinyi mnaoishi hapa mnajua Julai na Agosti ni miezi gani. Ulaya na Marekani wako likizo. Magari yanapishana kuelekea Lodoare, lango la Hifadhi ya Ngorongoro, tangu alfajiri, loji zimejaa, kinyozi ana kazi, fundi wa magari ana kazi, muuza nyanya ana kazi, na hata kijana asiye na ujuzi wowote hupata kibarua cha kuosha magari. Mwanafunzi wetu anaikuta biashara ikiwa imevaa nguo za Iddi. Anaitazama, anaipenda, anaandika ripoti kwamba sekta ya utalii inakua kwa kasi na ina fursa nyingi, kisha anarudi chuoni kupewa alama.

Aprili hakuwepo. Hakumwona mwenye loji ndogo akihesabu vyumba vitupu wakati mvua ya masika inanyesha mchana kutwa. Hakuona wafanyakazi wakipewa likizo isiyo na malipo, wala barua ya benki ikifika mwezi ambao hakuna mgeni. Hakusikia mabishano ya mke na mume kuhusu kama wauze ng'ombe ili walipe ada, au wakope kwa jirani. Na hayo ndiyo ujasiriamali wenyewe. Kuuza chumba Agosti hakuhitaji shahada. Kufika Juni ukiwa bado na biashara, na wafanyakazi ambao hawajakukimbia, hiyo ndiyo kazi ambayo chuo kikuu kinadai kuifundisha.

Nasema haya nikiwa mwalimu ambaye amesoma ripoti nyingi za fildi. Zinafanana mno. Mwanafunzi alipokewa, akatambulishwa kwa idara, akawekwa mapokezi au masijala, akanakili majina ya wageni, akapeleka karatasi kupigwa chapa, akajifunza kushirikiana na wengine. Changamoto: posho kutotosha. Mapendekezo: muda uongezwe. Hakuna mahali aliporuhusiwa kuamua jambo, hata bei ya chupa ya maji. Na mtu ambaye hakuwahi kuamua jambo linaloweza kumtia hasara hajafanya mazoezi ya ujasiriamali. Amefanya mazoezi ya kuajiriwa. Nayo yana thamani yake, siyadharau, lakini tusiyaite kwa jina lisilo lake.

Dai langu jioni hii ni moja. Kazi kwa vitendo humfundisha mtu biashara pale tu anapobeba sehemu ya hasara, na anapokaa mpaka mzunguko mzima ukamilike: tangu mbegu mpaka mnada, tangu msimu wa wageni mpaka masika. Tukikosa hayo mawili, tunawasafirisha vijana tu.

Na wazo hili halikutoka ng'ambo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, watu wengi walilikumbuka kwa jembe. Jembe lilikuwemo, ni kweli. Lakini ukilisoma kwa makini utaona kwamba alichosisitiza kuhusu shamba la shule ni hesabu. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga nini kilimwe, waweke kumbukumbu za gharama na mapato, na maisha yao shuleni yategemee walichokivuna: shamba likienda vizuri waone nafuu, likienda vibaya waone pia. Maana yake ni kwamba mwanafunzi awe na hisa katika matokeo. Kilichotokea shuleni kwetu baadaye mnakijua, kwa sababu wengi wenu mmepitia. Shamba likawa adhabu ya wachelewaji. Mavuno yakaenda mahali ambapo mwanafunzi hakuonyeshwa. Uamuzi ukabaki kwa mwalimu mkuu, jasho likabaki kwa mtoto. Tulichukua jembe, tukaacha daftari.

Miaka saba baadaye, Novemba 1974, likaja Azimio la Musoma. Hili lilihusu chuo kikuu moja kwa moja. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kupita moja kwa moja hadi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: alipaswa kumaliza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, na aje na maoni ya mwajiri na ya tawi la chama. Fikra iliyokuwa nyuma yake mimi bado naiheshimu. Mtu aliyewahi kuamka saa kumi na moja kwenda kazini huuliza maswali mengine darasani. Walimu wa wakati ule wanaokumbuka wanafunzi wao watu wazima husimulia kwamba mihadhara ilikuwa na ubishi wa maana.

Lakini utaratibu ule ulileta madhara mapema, na yanatuhusu. La kwanza ni wanawake. Idadi yao chuoni ilishuka ghafla, kwa sababu msichana aliyeambiwa asubiri miaka kadhaa kabla ya kuendelea na masomo alikutana na ndoa, na mimba, na wazazi waliochoka kungoja. Mwaka 1976 wakaondolewa katika sharti hilo. La pili ni kwamba kazi yenyewe, kwa wengi, ilikuwa ukarani wa kungojea barua ya mwajiri. Muda ulihesabiwa, kilichofanyika ndani ya muda hakikuhesabiwa. Ilipofika miaka ya 1980 sharti likalegezwa, na hatimaye likaachwa. Nawaomba mlishike hili la wanawake. Nitalirudia, kwa sababu mpango wowote wa kumpeleka kijana kazini una mtu unayemuumiza zaidi kuliko wengine, na mara nyingi waliouandika hawamwoni.

Siku hizi tuna fildi. Bodi ya Mikopo huwatengea baadhi ya wanafunzi fedha za mafunzo kwa vitendo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake cha ujasiriamali kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Morogoro, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wana ushirika wao, SUGECO, ulioanza mwaka 2011, unaowaweka vijana kwenye vitalu nyumba na kwenye mashamba ya biashara, na hata kuwapeleka nje kujifunza kilimo kwa kukifanya. Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali sekondari. Kwa hiyo hatuko jangwani. Upungufu wetu uko katika jinsi fildi yenyewe ya chuo kikuu ilivyopangwa, na mahali pa kuupima upungufu huo ni hapa, kwa sababu Karatu ni wilaya ambayo biashara zake zina majira yanayoonekana kwa macho.

Twendeni kwanza Mang'ola, kilomita zipatazo 50 kutoka hapa mjini, chini kule kandokando ya Ziwa Eyasi. Kitunguu chekundu cha Mang'ola kinajulikana Arusha, kinajulikana Dar es Salaam, na wanunuzi kutoka Kenya hukifuata hadi shambani. Maji yanatoka kwenye chemchemi zilizo chini ya Mlima Oldeani, na yanagawanywa kwa zamu. Mkulima anasia mbegu kitaluni, miche inakaa wiki sita hivi, inahamishiwa kwenye majaruba, kisha ni palizi, dawa, mbolea, na zamu ya maji ambayo ikikupita umekwama. Tangu kusia mpaka kung'oa ni miezi minne au mitano. Ukimleta mwanafunzi wiki nane, atakuta au miche au mavuno. Hatavikuta vyote viwili.

Na akikosa mavuno, amekosa somo lililo gumu kuliko yote, nalo ni lumbesa. Kanuni za vipimo nchini zinataka mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Shambani mnajua kinachotokea. Gunia linajazwa, linaongezewa kilemba juu, kinashonwa kwa wavu, na mkulima analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Kila mkulima anajua kwamba kilemba kile ni mali yake inayoondoka bure. Sasa mwulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyefaulu somo la bei na masoko: kwa nini mkulima asikatae? Darasani atajibu kwamba mkulima hana elimu. Jibu hilo ni la aibu, na mtu akikaa Barazani, kule Mang'ola, mpaka siku ya kupakia hatalirudia maishani. Atamwona mkulima anayejua kilo zake barabara, ambaye vitunguu vyake vimeshang'olewa na haviwezi kungoja, ambaye ana deni la mbolea na dawa kwa mwenye duka, na ambaye jirani yake ameshakubali lumbesa asubuhi hiyo hiyo. Dalali ana simu yenye bei ya Nairobi, mkulima ana lundo linaloanza kuota. Hapo mwanafunzi ataanza kufikiri kama mjasiriamali: je, ghala la kukaushia lingebadilisha nguvu ya nani? Mizani ya pamoja je? Wakulima kumi wakivuna kwa kupishana, dalali angefanya nini? Maswali hayo hayatoki kwenye kitabu chochote nilichowahi kufundishia.

Nimesema deni la mwenye duka. Hapo pia pana chuo kizima. Biashara nyingi za Karatu zinakwenda kwa mali kauli: unachukua bidhaa leo, unauza, unarudisha fedha, unabaki na faida na jina lako. Vitabu vyetu vina sura ndefu kuhusu benki na wawekezaji wa kigeni, na mstari mmoja au hata sifuri kuhusu mali kauli. Ila ndiyo iliyowainua wenye maduka wengi walioketi humu ndani. Nani anastahili kukopeshwa, kwa kiasi gani, na unamwendeaje aliyechelewa bila kumpoteza: hayo hufundishwa na mama muuza vitenge mnadani, tarehe 7 na tarehe 25, kwa yeyote anayekaa kando yake muda wa kutosha.

Sasa tupande Lodoare. Napenda kuwatumia wanafunzi hesabu ya langoni kwa sababu ni fupi na haina huruma. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, mgeni mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki hulipiwa dola 60 kuingia Hifadhi ya Ngorongoro, na kodi ya ongezeko la thamani juu yake, jumla dola 70.80. Gari likishuka kreta hulipiwa dola 250 na kodi yake, jumla 295. Kampuni changa ikipeleka wageni 2 kwenye gari moja, malipo hayo mawili pekee ni dola 436.60, yaani 218.30 kwa kila mgeni, kabla ya mafuta, dereva, chakula na kitanda. Ikipeleka wageni 6 kwenye gari hilo hilo, kila mmoja anabeba karibu dola 120. Tofauti hiyo ya dola karibu 100 kwa kichwa ndiyo inayoamua kama kijana mwenye gari moja la mkopo ataendelea au atalirudisha. Kulijaza gari kunategemea kuwaunganisha wageni wasiofahamiana, jambo linalohitaji simu kwa kampuni nyingine, na uaminifu, na maneno matamu kwa Mjerumani aliyetaka gari la peke yake.

Kisha kuna saa. Kibali ni cha saa 24. Aliyeingia saa nane mchana, akalala ukingoni, akashuka kreta kesho yake, saa nane ikimkuta bado ndani atatozwa upya. Magari nayo yanatakiwa yawe yametoka kreta kabla ya giza. Kwa hiyo dereva anayeongoza watalii anabeba kichwani saa tatu au nne kwa pamoja: ya lango, ya kreta, ya mgeni anayetaka kumngoja faru atokee, na ya mwenye kampuni anayepiga simu. Mji wa Karatu umekua kwa sehemu kubwa juu ya hesabu hiyo hiyo. Lami kutoka Makuyuni hadi langoni ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikawezekana mgeni alale hapa kwa bei nafuu, aingie langoni alfajiri na kutoka jioni ndani ya kibali kimoja. Vitanda vingi mnavyoviona mjini ni jibu la wenyeji kwa swali la saa 24. Hakuna aliyewafundisha kwenye semina. Walihesabu.

Mwanafunzi akae kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo kwa wiki moja, na jioni aandike hesabu kwa mkono wake, aonyeshwe na stakabadhi. Ningempa alama zaidi kwa daftari hilo kuliko kwa kurasa 40 za ripoti yenye sura tano.

Lakini mkumbuke nilivyosema kuhusu masika. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, corona ilipoingia, wakashuka hadi laki 6 na ushei. Mji huu ulinyamaza. Waliokuwa na ekari mbili za ngwara au mbaazi walirudi shambani, na wale ambao kila shilingi waliiweka kwenye magari na vitanda walibaki kuyatazama. Hata shamba nalo halikuwa kinga ya daima: miaka mitatu kabla, mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza, bei ilianguka na wakulima wa hapa na wa kusini mwa nchi wakabaki na magunia. Uamuzi umefanyika New Delhi, maumivu yako Karatu. Wakati wa corona watalii walipotoweka, na wakati wa mbaazi bei ilipoanguka, je, kulikuwa na mwanafunzi hata mmoja wa ujasiriamali aliyewekwa kando ya mfanyabiashara ili aandike, wiki kwa wiki, nini kiliuzwa kwanza, nani alisamehewa deni, nani alibadilisha kazi? Tungekuwa leo na kitabu bora cha kufundishia Afrika Mashariki nzima. Wakati ule wa corona tuliwaambia wanafunzi wakae nyumbani wakisubiri hali irejee, ndipo waende fildi.

Ndani ya Hifadhi kwenyewe kuna somo jingine, na ni lazima mwanafunzi alipate kwa heshima. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kilomita za mraba 8,292, lilianzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya wanyamapori na kwa ajili ya wafugaji Wamaasai walioishi humo. Kilimo kikapigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Tangu 2022 familia zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni, katika jambo lililozua ubishi mkali ndani na nje ya nchi. Sitalimaliza hapa. Ninachosema ni kwamba mama anayeuza shanga kwenye boma karibu na barabara ya kreta anafanya biashara juu ya ardhi ambayo sheria inaamua hata kama anaweza kupanda mboga. Wateja wanapita mlangoni kwake kwa maelfu, na bado soko liko mbali naye, kwa sababu fedha ya mgeni hupita mikono kadhaa kabla ya kuufikia wake. Mwanafunzi anayekwenda huko na dodoso la kumwuliza mama kama ana ari ya ujasiriamali anamkosea adabu. Aifuate shilingi. Kiingilio cha boma kimelipwa kiasi gani, kimepokewa na nani, kimegawanywaje, na shanga zimenunuliwa wapi na kwa bei gani? Akimaliza atakuwa amejua kwamba ari haikuwahi kuwa tatizo.

Kwingine duniani nako wamejaribu kufundisha kwa kazi. Mwaka 1906 mkuu mmoja wa kitivo cha uhandisi, Herman Schneider, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati huko Marekani, aliwagawa wanafunzi wake 27 ili wiki moja wawe darasani na wiki inayofuata kiwandani. Alilalamikiwa sana na walimu wenzake, lakini mpango ule ukaenea duniani. Chuo cha Babson, Marekani hiyo hiyo, kimekuwa kikiwakopesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mtaji mdogo, hapo awali hadi dola 3,000 kwa kikundi, waanzishe biashara ya kweli, waiendeshe na kuifunga ndani ya mwaka, na faida iende kwa hisani. Chuo Kikuu cha EARTH nchini Costa Rica, kilichoanza kufundisha mwaka 1990 kwa ajili ya vijana wa nchi za tropiki, wengi wao watoto wa wakulima, kinawakopesha wanafunzi kwa vikundi. Wanalima au wanasindika, wanauza, wanarudisha mkopo, wanagawana kilichobaki. Mpango huo wa Costa Rica ndio ulio karibu zaidi na sisi, kwa udongo na kwa mifuko. Ukiutazama unakuta daftari lile lile la mwaka 1967 tulilolipoteza.

Na wageni wameiona Karatu kuwa darasa kabla yetu. Pale Rhotia, kwenye kambi ya Moyo Hill, shule ya Kimarekani ya masomo ya nyanjani imekuwa ikiwaleta wanafunzi wa vyuo vya kwao kwa muhula mzima. Wanasoma wanyamapori na mazingira, wanajifunza Kiswahili, wanatembea vijijini, wanapimwa kwa kazi walizozifanya hapa hapa. Sina kinyongo nao hata kidogo, wamefanya vizuri. Lakini inaniuma kwamba kijana kutoka Ohio anaweza kukaa Rhotia muhula mzima, na kijana kutoka Singida anayesoma biashara katika chuo chetu anapewa wiki nane na kiti cha mapokezi.

Nije kwenye ninachoomba kifanyike. Nitakisema kwa vyuo, na nitakisema kwa wenyeji.

Fildi ya ujasiriamali igawanywe vipande viwili kwa mwenyeji mmoja: kimoja msimu wa wageni, kingine masika. Wanaoshika kilimo wafuate zao lote tangu kitaluni, kwa zamu ya wawili wawili ikiwa ratiba ya chuo inabana, mmoja akimwachia mwenzake daftari. Najua ofisi za taaluma zitasema kalenda haiwezi kubadilishwa. Kalenda ilibadilishwa mwaka 2020 ndani ya wiki moja.

Wapewe mtaji wa pamoja, mdogo, wenye kumbukumbu, na waruhusiwe kupata hasara bila kuangushwa mtihani, mradi waieleze. Mwanafunzi aliyenunua magunia manne ya vitunguu, akauza kwa hasara, na akaonyesha senti zilipopotelea, amesoma. Halmashauri nazo zina mikopo ya asilimia 10, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Vikundi vya vijana vya Karatu vinavyopata fedha hizo vinahitaji mtu wa kuviwekea hesabu, na wanafunzi wetu wanahitaji biashara ya kuiwekea hesabu. Hawa wakutanishwe.

Wasichana. Nilisema nitarudi. Mwanafunzi wa kike anayelala kambini, anayesafiri na gari la watalii usiku, anayemtegemea msimamizi mmoja amsainie kitabu chake, yuko hatarini kwa namna ambayo mwenzake wa kiume hayuko, na sote tunajua wasichana waliokatisha fildi bila kusema sababu. Kabla ya kumpanga popote, chuo kijue atalala wapi, awe na mwanamke mwenyeji wa kumwendea hapa hapa wilayani, na sahihi ya mtu mmoja isiwe na uwezo wa kumfelisha. Tusipolitengeneza hili kwanza, tutarudia 1974, na safari hii hatutakuwa na kisingizio.

Mwenyeji alipwe. Chuo humlipa mhadhiri mgeni kwa saa moja ya maneno. Mwenye duka anayemvumilia kijana asiyejua chochote kwa miezi miwili, anayemwonyesha bei za kununulia ambazo hata ndugu zake hawazijui, hupewa barua ya shukrani, na pengine hata hiyo haiji. Yeye ni mwalimu. Apewe haki ya mwalimu: malipo, na kauli katika kutoa alama.

Kauli hiyo itamlazimu aelewe kilichoandikwa, na hapa tuna kizuizi tulichokiweka wenyewe. Ripoti za fildi zinaandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Mang'ola, mama wa mnadani, fundi wa magari, wanatia sahihi kwenye karatasi ambayo wengi wao hawawezi kuisoma, inayowaeleza wao na biashara zao. Makosa yaliyomo hawawezi kuyasahihisha, na ushauri uliomo, kama upo, hauwafikii. Ripoti isomwe kwanza hapa, kwa Kiswahili, mbele ya mwenyeji na majirani zake wa biashara, wamhoji kijana kuhusu hesabu zake mpaka waridhike. Ndipo nakala ya Kiingereza iende chuoni kama sheria zetu bado zinaitaka.

Ndugu mwenyekiti, naishia hapo. Kuna maswali mengi na muda ni mchache, kwa hiyo nina ombi: tuanze na wafanyabiashara na wakulima, walimu wenzangu tusubiri.